Muulize Fundi: Jinsi kuukuu, khanga za marehemu na mkanda ulionitia aibu kituoni

Safari hii karibu maswali yote ni ya mikoba ya nguo kuukuu, sijui mmeambizana! Nimechukua manne, yaliyobaki yanafanana na haya haya. Naanza na la huyu mdogo wangu wa Mbagala maana ndo lenye kazi, mengine nitapita haraka.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina cherehani cha mguu nilichoachiwa na shangazi, kile cheusi cha zamani. Nguo sijui kushona ila mashuka na mapazia napiga yananyooka. Mume wangu ana majinsi matatu yameisha magotini nikasema nitoe begi la kwendea sokoni. Nimevunja sindano tatu siku moja na begi lenyewe halijatokea, mume ananicheka tu. Kilichochoka ni cherehani au mimi? – Mama wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakijachoka kitu hapo, mwambie na mumeo acheke vizuri maana hilo begi atatumwa nalo yeye.

Hukuniambia sindano zilivunjikia wapi lakini ngoja nibahatishe. Chukua hiyo jinsi uigeuze nje ndani, angalia mshono unaopita ndani ya paja. Umeona ulivyokunjwa ukalaliana halafu ukapigwa nyuzi mbili juu yake? Hapo kitambaa kimoja kimekuwa tabaka nne, sasa we ukichukua vipande viwili ukaviunganisha mshono juu ya mshono ni tabaka nane, tena za jinsi, na sindano yenyewe naamini ilikuwa ile uliyokuwa unapigia mashuka. Lazima ivunjike. Halafu angalia mshono wa upande wa nje, unaoshuka kutoka nyongani mpaka kwenye pindo. Jinsi nyingi huo ni mshono wa kawaida tu, umeunganishwa ukapigwa ovaloki, ukiupasi ukafunguka unalala kabisa. Kwa hiyo kwenye begi la kwanza mshono wa nje uache ubaki katikati ya kipande, haukusumbui, ule wa ndani ukate uutoe wote. Usiutupe lakini, nitakwambia.

Kata miguu yote miwili chini kidogo ya mapaja yanapoachana, kila mguu uufungue kwa kukata huo mshono wa ndani, ulale chini kama kitambaa. Paja la mtu mzima linakupa upana wa kutosha, unaelekea gotini linapungua, na goti si limetoboka? Basi kaa juu ya goti, na kama kimo hakitoshi toboko liweke kiraka kabla hujakata, kiraka cha kitenge kinapendeza kuliko hata jinsi yenyewe. Kila mguu utoe kipande kimoja, upana sm 38, kimo sm 42. Chora kwa kipande cha sabuni ya kuogea kilichoisha kikawa chembamba, hatuhitaji chaki hapa. Unganisha pande mbili na chini, mshono sm 1.5, kisha rudia mstari mara ya pili hapo hapo pembeni yake.

Pembe za chini, ukitaka begi lisimame: kila pembe ibane mshono wa ubavuni ulale juu ya mshono wa chini itoke kama sambusa, pima sm 5 kutoka nchani, piga mstari wa kukatiza. Begi linapata kitako cha sm 10 na kimo kinapungua sm 5. Hapo ndo tabaka zinajikusanya, kwa hiyo mguu toa kabisa kwenye pedeli, zungusha gurudumu kwa mkono, sindano izame na kutoka tundu moja moja. Ukisikia mlio umebadilika, ule wa "tak" badala ya ule wa kawaida, simama. Na kama mguu wa cherehani, kile kibanio kinachokandamiza kitambaa, umepanda mlima, umeinuka mbele nyuma ukaning'inia, chukua kijipande cha jinsi ukikunje kiwe kinene kama ule mlima, kiweke nyuma chini ya mguu ulale sawa, utavuka. Wengine wanagonga mshono kwa nyundo kwanza ulainike, mi pia nagonga, jirani wameshazoea.

Sindano nunua namba 16. Ile ya 14 ni ya mashuka yako. Uzi uwe wa poliesta, na usivute kitambaa kwa nyuma unaposhona!! Hili naliandika kwa hasira kidogo maana kila mwanafunzi wangu anafanya. Ukivuta sindano inapinda, ikipinda inagonga bati la chini, ikigonga bati imekwisha. Meno ya cherehani ndo yanavuta kitambaa, wewe unakiongoza tu.

Na usipite juu ya vile vipande vya shaba vilivyogongwa kwenye pembe za mifuko ya jinsi. Ukitaka kutumia ile mifuko kwenye begi kata kwa kuvikwepa. Vile vidude vimewekwa na fundi mwenzetu, aliitwa Jacob Davis, alikuwa na duka la ushonaji kule Reno, Marekani, wateja wake wafanyakazi mifuko ikawa inawachanikia pembeni kwa uzito wa vitu, akaona agonge shaba pale pembeni. Mwaka 1873 yeye na Levi Strauss aliyekuwa anamuuzia vitambaa wakapata hataza, yaani haki ya ubunifu huo. Nakwambia hii sio kwa ajili ya historia. Davis aliona kwamba mfuko hauchaniki katikati, unachanika pale mzigo unaposhikia. Begi lako nalo ni hivo hivo, na linaposhikia ni kwenye mkanda.

Begi langu la kwanza kabisa nililishona kwa siku mbili, bitana, mfuko wa ndani, kifungo, kila kitu, nikapendeza nalo mpaka Buguruni. Narudi nasubiri gari pale kituoni, ndani nina nazi nne na sukari kilo mbili, nikasikia mkanda mmoja umekuwa mwepesi. Mkanda ulikuwa mzima!! Uzi mzima! Kilichotoka ni kitambaa cha begi, kimechanika kipande cha mraba na kimebaki kimeshonewa kwenye mkanda vizuri tu kama lebo. Nazi mbili zikaingia chini ya daladala, konda akainama akazitoa akaniuliza "dada hili begi umeuziwa wapi ukarudishe", nikasema mtaani huko. Sikusema ni langu.

Sasa wewe fanya hivi. Mdomo wa begi ukunje kwa ndani sm 4, na mkanda ushonee juu ya hilo pindo, sio chini yake, kwa hiyo pindo lenyewe ndo linakuwa kiraka cha kubeba. Usishone mstari mmoja wa kukatiza kama mimi siku ile, shona mraba na ndani yake piga msalaba kutoka pembe mpaka pembe. Mkanda wenyewe kata upana sm 6 na urefu sm 65, kunja kingo mbili sm 1.5 kila moja zikutane mgongoni, juu ya maungio lalisha utepe wa kitenge, piga mistari miwili. Utaona watu wanakunja mkanda wa jinsi mara nne. Wana mashine za kiwandani hao, cherehani cha shangazi tukihurumie. Na ule mshono wa ndani ya paja niliokwambia usitupe, ukate uwe kamba ya upana wa sm 3, ni mgumu kama mkanda wa punda, utoe kitanzi cha kuning'inizia begi ukutani na kingine cha funguo.

Ukimaliza litie mchele kilo 5, lining'inize kwenye msumari usiku kucha. Asubuhi angalia mraba wako kama umevutika.

SWALI: Dada fundi mambo. Mi mwanafunzi Morogoro, niko hosteli sina cherehani. Niliona mtu katengeneza begi la tisheti bila kushona, anakata chini nyuzi nyuzi anafunga mafundo. Nimefanya ila likibeba vitu linashuka mpaka magotini. – Mwanachuo

JIBU: Poa mdogo wangu. Halina ubaya, ndo tisheti ilivyo, imefumwa kama sweta kwa hiyo inavutika, na hakuna fundo la kuizuia. Ukitia embe tatu linakuwa soksi. Punguza urefu: kata begi fupi kuliko unavyotaka, uzito utaliongeza wenyewe. Na mikanda usitumie mabega ya tisheti peke yake, ndani yake pitisha ukanda wa kitambaa kisichovutika, shuka kuukuu inatosha, ushone kwa mkono kwenye kingo. Uzi uweke mara mbili, upitishe kwenye mshumaa kwanza hautajinyonganyonga. Kila tundu sindano irudi nyuma nusu ya hatua kabla ya kwenda mbele, usipige bandi tupu, ule mshono wa kwenda mbele tu, bandi ikikatika sehemu moja imefumuka yote. Unaweza kumaliza ukiwa unasikiliza mpira.

Hata hivyo tisheti ni ya vitu vyepesi. Vitabu utanilaumu bure.

SWALI: Fundi habari. Niko Moshi, nimeanza kuuza mikoba ya jinsi. Nanunua majinsi ya mitumba pale Memorial nachagua mazuri mazuri nakata. Wateja wanasema nauza ghali wakati ni nguo iliyovaliwa. Nishushe? – Kaka wa Moshi

JIBU: Nzuri kaka. Nina neno moja kabla ya bei. Jinsi nzima inayoweza kuvaliwa na mtu miaka mitatu mbele unaikata ya nini? Roho yangu inauma kidogo. Sogea kwenye rundo la mwisho wa siku, yale yenye zipu iliyokufa, madoa, mguu mmoja umechanika, ndo malighafi yako na bei yake unaijua. Au pita mtaani waambie watu wakuletee yao, kabati za watu zimejaa.

Sasa bei. Kaa na saa siku moja, andika muda: kufumua, kufua, kupasi, kukata, kushona. Kufumua ndo kunakula muda na ndo hakuna anayekuhesabia. Tuseme begi linakula masaa manne, na siku nzima ya kazi unataka ikulipe shilingi elfu 20 kwa masaa nane, hapo tayari ni elfu 10 ya mikono yako kabla ya jinsi, bitana, zipu na uzi. Ukiuza elfu 8 unamlipa mteja abebe begi lako. Kama hawalipi basi punguza kazi, usipunguze bei: acha zipu, acha mfuko wa ndani, toa begi la saa moja na nusu la sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku huku bara Juni 1, 2019 kila mtu anahitaji la sokoni, na vile vifuko vyembamba vinavyouzwa mlangoni kwa gulio kila mtu anajua vikilemewa vinaachia. Hapo ndo unapoingilia na mraba wako wenye msalaba.

Na ndugu wanaotaka bure, wafundishe kushona.

SWALI: Assalaam alaykum dada. Nakuandikia kutoka Muscat. Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Unguja, ameniachia khanga zake, moja nimeipenda niitoe mkoba niwe natoka nao. Ni laini sana na imepauka. Sijawahi kushona begi lakini kuna cherehani cha umeme nyumbani. Nanze vipi? – Binti yake

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mama.

Ukiniuliza mimi, hiyo usianze nayo. Anza na foronya. Foronya kuukuu ishone begi zima kwa vipimo vile vile utakavyotumia, ukosee humo, mkanda ukae vibaya humo. Foronya hata ukiharibu tatu hakuna wa kulia. La nne ndo uiguse khanga.

Kabla ya hapo ipeleke dirishani mchana uitandaze kwenye mwanga. Khanga iliyovaliwa miaka inachoka pale ilipokuwa inafungwa, kifuani na kiunoni, utaona sehemu kama wavu. Shika hapo kwa vidole gumba viwili, vuta taratibu. Ikilia, hiyo sehemu haiwezi kubeba hata simu. Ndo maana nakushauri khanga isiwe begi la nje. Iwe bitana. Nje weka kitu kigumu, jinsi nyeusi au turubai, hicho ndo kibebe uzito, khanga iwe ndani haivutwi, haichunwi na jua, haishikwi na kila mtu. Na hiyo bitana yenyewe kabla ya kuikata ilalishe juu ya kitambaa cha marekani kilichofuliwa, uipige bandi pande zote, halafu viwili uvikate pamoja kama kimoja. Bitana iwe ndogo kuliko begi kwa nusu sm kila upande, la sivyo inajikunja kitakoni. Kuifua, maji baridi na mkono.

Usikate jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga. Khanga nyingine watu wanaikata popote maua yanapopendeza, jina linaishia nusu neno, inakuwa kama mtu kakatishwa kuongea. Tandaza chini, pima kwanza jina liko wapi, wewe anzia hapo kupanga, pindo na mji, ile sehemu ya katikati, vifuate. Kama jina ni refu kuliko upana wa begi, na mara nyingi ni refu, lizungushe, lianze ubavu huu liendelee ubavu wa pili, mkato usiangukie katikati ya neno.

Umesema umeachiwa khanga zake bila kusema kama hiyo ni doti. Kama pacha wake yupo, huyo muache kama alivyo, mkunje umweke na udi. Hiyo moja ndo uikate, na ukishona jina liwe karibu na mdomo wa begi, herufi zielekee juu, ukifungua kutafuta funguo ulisome.