Maswali ya Wasomaji: Kilti Yangu Inateremka

SWALI: Wahariri, salaam. Naishi Glasgow. Mwezi ujao mpwa wangu anaoa binti wa Kiskoti, na wanaume wote wa familia tumeombwa tuvae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti. Nimekodi na kuijaribu, lakini nikitembea inateremka na marinda yanaachana. Nimepewa pia kisu cha kuchomeka kwenye soksi. Nifanyeje?
Mjomba wa Bwana Harusi

JIBU: Hongera, Mjomba. Bila shaka umeifunga nyongani kama kikoi. Kilti hukaa juu zaidi ya suruali, usawa wa kitovu au juu yake kidogo, na pindo huishia katikati ya pia ya goti. Usijikague kwa kuinama, maana ukiinama pindo la mbele hushuka. Piga magoti, mgongo wima, mtu akutazamie: pindo liwe kama sentimita 2.5 juu ya sakafu.

Anza upya. Marinda yote yakae nyuma. Upande wa ndani upeleke kushoto, kikanda chake kipenye kwenye tundu la kiunoni na kifungwe kwa nje. Kisha upande wa juu uje kulia, matamvua yakiwa kulia kwako. Vikanda vya kiunoni ndivyo vinavyobeba uzito (kilti kamili hula yadi 8 za sufu), kwa hiyo vikaze. Kile cha chini, penye nyonga, kilegeze kidogo. Kikibana, marinda huvutwa na kufunguka, na hicho ndicho kinachokusumbua.

Pini ya kilti ichome kitambaa cha juu peke yake, kwenye kona ya chini kulia. Tunasisitiza hili kwa sababu kilti nyingi za kukodi hurudishwa zimechanika hapo: pini ikishika pande zote mbili, ukikaa tu sufu inavutana na kuraruka.

Mkoba wa mbele uning'inie upana wa kiganja chini ya bizimu ya mkanda. Wakati wa kucheza ngoma usogeze ubavuni. Ukivaa kizibao, acha mkanda mpana. Soksi zikunjwe vidole vitatu chini ya goti, na utepe wake utokeze upande wa nje wa mguu.

Usiogope kwamba huna ukoo wa Kiskoti. Hakuna sheria inayokuzuia, na mirabamiraba ya Black Watch, kikosi cha jeshi cha Kiskoti, huvaliwa na yeyote. Sheria iliyokataza vazi hili ilitungwa 1746 kuwabana Waskoti wenyewe wa nyanda za juu, ikafutwa 1782.

Unapoketi, lainisha marinda kwa nyuma ya mkono kabla ya kugusa kiti, magoti yakae karibu.

Kisu kiingie soksi ya kulia, kwa nje. Mashoto huweka kushoto. Kionekane kichwa cha mpini tu. Sheria ya Uskoti inaruhusu kukibeba kama sehemu ya vazi la taifa, lakini ukisafiri kwa ndege kiweke kwenye begi linaloingia chini, si la mkononi.