Maswali yenu ya taka za Michigan: makopo, rambo na malori ya Kanada

Wiki hii meseji zote ni takataka, sijui ni joto limeanza au watu wamefagia magaraji, haya tujibu moja moja na tuanze na makopo maana ndio mliouliza wengi.

Kaka wa Grand Rapids: "Nimetoka kambi ya Nyarugusu juzi tu. Naona watu wanasukuma toroli za makopo matupu kuingia dukani. Ni biashara gani hiyo?"

Karibu sana kaka, pole na baridi ijayo. Sio biashara, hiyo ni hela yako mwenyewe unaifuata. Huku ukinunua soda au bia unakatwa senti 10 juu ya bei kwa kila kopo au chupa, ukirudisha tupu unalipwa. Wananchi wenyewe waliipigia kura sheria hiyo 1976, ikaanza kazi mwishoni mwa 1978.

Ila nisikilize mimi niliyeumia: usilikanyage kopo! Mimi mara ya kwanza niliyakanyaga yote yakawa chapati ili yaenee mfuko mmoja, nikajiona mjanja kweli, kufika dukani kumbe mashine inataka isome ile mistari ya bei ubavuni, haioni kitu, naingiza inatema, naingiza inatema, nyuma yangu foleni ya watu wanahema, na chini sakafu inanata bia mpaka ndala inataka kubaki. Nikarudi na chapati zangu nyumbani.

Dada wa Lansing: "Mbona chupa za maji mashine inazikataa?"

Kwa sababu sheria ni ya 1976, dada yangu, wakati huo nani alikuwa ananunua maji ya chupa? Ilitaja bia, soda na vinywaji vya gesi, basi. Maji ya kawaida, juisi na mvinyo havimo. Miswada ya kuviingiza imeshapelekwa bungeni mara nyingi tu inakwama, wenye maduka wanasema hawana nafasi ya kuweka hayo machupa yote, na ukiingia kile chumba cha nyuma cha duka unawaelewa kidogo.

Na tukiwa hapo hapo, hata makopo yenyewe watu wameanza kuyaacha. 2019 yalikuwa yanarudi karibu 89%, halafu ikaja korona, maduka yakaacha kupokea kuanzia Machi mpaka Juni 2020, na tangu hapo tumeshukia kwenye sabini na kitu. Mimi naona ni ile senti 10. Haijawahi kuongezwa! Ya 1978 kwa bei za leo ni zaidi ya senti 40, ungeambiwa 40 kwa kopo ungelitupa?

Mama wa Kentwood: "Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, Kenya 2017, sisi Tanzania 2019. Hawa matajiri wanashindwa nini?"

Mama, shikamoo, na kaa chini kwanza. Huku sio tu kwamba rambo hazijakatazwa, huku kimekatazwa kitendo cha kuzikataza! Kaunti ya Washtenaw, kule Ann Arbor, ilishapitisha kwamba kuanzia 2017 kila mfuko dukani ulipiwe senti 10, kabla siku haijafika jimbo likatunga sheria Desemba 2016 kwamba hakuna mji wala kaunti kugusa mambo ya mifuko. Basi ikaishia hapo.

Kwa hiyo beba kikapu chako. Na tafadhali rambo usiitie kwenye pipa la risaiko, wala usifunge chupa ndani yake, maana kule kiwandani inajisokota kwenye mashine za kuchambua kama nywele kwenye chanuo, wanazima kila kitu watu wanaingia na visu kuikata.

Mzee wa Detroit: "Ni kweli malori ya Kanada yanavuka kuja kumwaga taka kwetu?"

Kweli mzee wangu, yanatoka Ontario miaka na miaka. Michigan ilijaribu kuziachia kaunti zikatae taka za nje, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani na 1992 jimbo likashindwa, taka ni biashara kama nyingine huwezi kuizuia kwa sababu tu imetoka kwingine. Halafu sisi wenyewe tumejirahisisha: jimbo linatoza senti 36 kwa tani inayoingia dampo. Wisconsin hapo jirani ni karibu dola 13. Wewe ungekuwa na lori ungeelekea wapi?

Mwingine hakutaja mji: "Kuna maendeleo yoyote au ni kelele?"

Yapo. Kabla ya 2019 jimbo zima lilikuwa linarejeleza 14.25% tu, aibu, sasa imepita 23% na lengo ni 30% ifikapo 2029. Hela za kununulia mapipa na mashine zimeongezwa, na yale matangazo ya kuhimiza risaiko yenye rakuni, yule mnyama anayefukua mapipa usiku, yamesaidia, ingawa rakuni wa mtaani kwangu hana habari na kampeni yoyote. Lakini chakula bado ndicho kinachoongoza kwenye madampo, na hapo nasi tumo, ule wali wa sherehe tunaoumwaga Jumapili usiku mnaujua.

Na wa mwisho: "Binamu yangu yuko Indiana, makopo kwao hayana thamani. Ayalete huku tugawane?"

Ndugu yangu USITHUBUTU. Hiyo senti 10 hamkuilipa Michigan, ni wizi huo. Kuanzia makopo 100 ni mpaka siku 93 jela, yakifika 10,000 ni mpaka miaka 5. Pita kwa majirani uwaombe ya kwao, wengi wanakupa tu. Jua lakini duka lina haki ya kukataa kukulipa zaidi ya dola 25 kwa siku, yaani makopo 250, kwa hiyo gawa siku zako, na usiyakanyage.