Maswali na majibu: Wanafunzi wanapochunguza wenyewe kwenye somo la kilimo

Nikiwaachia wanafunzi wachunguze wenyewe, mimi mwalimu nabaki na kazi gani?

Kazi inaongezeka, tena nyingi ni ya kabla ya kipindi. Kuchunguza si kutelekezwa. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark waliandika makala iliyozua mjadala mkubwa, wakisema mwanafunzi mgeni katika mada huelemewa akikosa mwongozo. Nakubaliana nao. Wanaoanza wape swali na utaratibu, jibu walitafute kwenye mmea. Wakizoea, wape swali tu, utaratibu wapange wao. Swali la kujitungia wenyewe lije mwisho, na hata hapo ulipitie kwanza, maana "kwa nini mazao hayastawi?" ni swali lisilopimika.

Shule yetu haina maabara. Tuanzie wapi?

Kwenye mizizi ya maharage au kunde, mimea inapokaribia kutoa maua. Msing'oe kwa kuvuta, vinundu (vivimbe vidogo vya kwenye mizizi wanamoishi bakteria) vitabaki ardhini. Chimbeni pembeni, inueni mmea na udongo wake, kisha suuzeni taratibu kwenye ndoo. Kila kundi lihesabu vinundu, lipasue vichache kwa wembe na kuandika rangi ya ndani. Wekundu au uwaridi unatokana na leghemoglobini, protini nyekundu ya ndani ya kinundu, dalili kwamba bakteria wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Kinundu cheupe kwa kawaida bado kichanga. Cha kijani au kahawia kimechoka.

Utamu uko kwenye ulinganisho. Chukueni mimea ya sehemu iliyowekwa mbolea nyingi ya naitrojeni na ya sehemu isiyowekwa kitu. Kabla jembe halijagusa udongo, kila mmoja aandike anachotarajia na sababu yake. Wengi watasema penye mbolea vinundu vitakuwa vingi, kwa kuwa mmea una nguvu. Kwa kawaida huwa kinyume: mmea unaopata naitrojeni kwa urahisi haujisumbui kulisha bakteria. Tafadhali usiwadokezee. Ubishi utakaozuka pale kwenye ndoo ndio somo lenyewe.

Kundi moja liliweka samadi tuta moja la mahindi, jingine likaachwa hivi hivi. Lisilo na samadi ndilo lililostawi! Niwakate alama?

Kwa kosa gani, kama wameandika walichokiona? Waulize tu: tuta moja kwa moja linathibitisha nini? Huenda lile lisilo na samadi lilikuwa bondeni kidogo, maji yakatuama hapo, au zamani palikuwa zizi. Mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, ndiye aliyesisitiza dawa yake: rudia kila tibabu (yaani kila hali mnayoijaribu, kama kuweka samadi au kutoweka) kwenye vitalu kadhaa, na kura ndiyo iamue kipi kiende wapi. Vipande vya karatasi ndani ya kofia vinatosha. Anzeni na vitalu vinne kwa kila tibabu, msimu ujao. Alama zitoke kwenye kumbukumbu na maelezo, si kwenye kufanana na kitabu.

Silabasi ni ndefu. Nitaimaliza?

Ukitaka kila mada iwe uchunguzi, hutaimaliza. Chagua moja au mbili kwa muhula. Na kuna mada zisizochunguzwa hata kidogo: matumizi salama ya viuatilifu yafundishwe waziwazi, kwa maelekezo, bila mtu kujaribu kugundua.

Makundi yananakiliana matokeo. Nifanyeje?

Lipe kila kundi hali tofauti, mfano kina cha kupanda au nafasi kati ya mimea, halafu takwimu za makundi yote ziunganishwe ubaoni. Vipimo viandikwe palepale shambani, kwa kalamu, na kosa likatwe kwa mstari bila kufutwa. Mimi nikiona urefu wa mimea yote unaishia na sifuri au tano, najua huenda wamekisia, nachukua rula na kwenda nao shambani.