Mtulinga ukigoma kuunga, usisubiri kama nilivyosubiri mimi

Nilianguka na bodaboda pale Kiboriloni, mwezi wa tano, lami imelowa. Bega la kulia ndilo lililotangulia chini. Hospitali walipiga picha, wakasema mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo unaokwenda begani, umevunjika katikati, wakanining'inizia mkono kwa kitambaa na kunipa dawa za maumivu. Hawakukosea. Mitulinga mingi huunga hivyo hivyo, bila hogo la plasta wala kisu. Kosa lilikuja baadaye, na nusu yake ni langu: hakuna aliyeniambia nirudi kupiga picha nyingine, nami sikuuliza. Wewe uliza.

Ikapita miezi saba. Mimi ni mwalimu. Kila nikiinua mkono kuandika tarehe juu ya ubao, kitu kinalia "ko!" chini ya ngozi, hadi watoto wa dawati la mbele wanasikia. Nyumbani wakasema damu bado haijatulia. Shangazi akaleta mtori, jirani akanipeleka kwa mzee wa kuchua. Mtori niliufaidi. Kuchua ningekukataza kabisa: ncha mbili hazijashikana, halafu mtu anazichezesha, zitashikana saa ngapi?

Daktari wa mifupa aliweka kidole gumba kwenye kinundu, akabonyeza taratibu, kisha akaniambia niguse mwenyewe. Kipande kilisogea. Kwa kawaida mfupa huu huunga kwa wiki 6 hadi 12. Ukifika miezi 6 bado unacheza, tumaini la kuunga wenyewe ni dogo. Si kila mtu lazima apasuliwe, maana wapo wasioumwa na mkono unafanya kazi. Mimi nilikuwa naumwa. Akaniuliza kama navuta sigara, kwa sababu huchelewesha mfupa kuunga. Niliacha siku ile. Wiki ile, tuseme ukweli.

Nilipigwa nusu kaputi. Walikwangua nyama ngumu iliyojaa kwenye pengo, wakasafisha ncha za mfupa, wakalaza bamba la chuma na kulikaza kwa skrubu. Halafu wakachota mfupa kutoka nyonga yangu na kuujaza pale.

Watu wananiuliza habari za bega. Waniulize nyonga! Bega lilikuwa na maumivu ya kuvumilika, lakini kuinuka kitandani, jamani. Na choo chetu ni cha kuchuchumaa: mkono mmoja umefungwa, nyonga inawaka, hakuna pa kushika. Siku ya pili mdogo wangu alikata kiti cha plastiki tundu katikati, na hicho kilinisaidia kuliko kidonge chochote. Kiandae kabla hujaingia wodini. Andaa na mashati ya vifungo, fulana hutaweza kuivaa. Na uliza mapema kama gharama uliyotajiwa ina chuma ndani yake, au chuma unalipia peke yake, na kama bima yako inakigusa.

Ngozi chini ya kovu imekufa ganzi mpaka leo. Niliogopa sana, kumbe vineva vidogo hupita hapo hapo kisu kinapopita.

Chuma bado kimo. Mkanda wa mkoba unakisugua, kwa hiyo naubeba bega la kushoto. Kikizidi kunikera tutazungumza kukitoa, ila si kabla picha haijaonyesha mfupa umejaa.