Tarehe imekaa upande dirishani

SWALI: Nimenunua saa ya mkononi ya mtumba, ile inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Namba ya tarehe haikai katikati ya kidirisha, imepanda juu kidogo. Fundi mmoja anataka kuifungua aisogeze. Nimruhusu?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Bado. Kwanza uliitazama saa ngapi? Kwenye saa nyingi, gurudumu linalosukuma tarehe hushika meno kuanzia saa tatu usiku hivi (mshale mfupi kwenye 9) na huachia karibu saa tisa usiku (mshale kwenye 3). Katika muda huo namba iko njiani, na kukaa upande si ubovu.

Vuta kitufe cha pembeni hadi mwisho, zungusha mishale mbele polepole mpaka tarehe ibadilike. Hapo ni saa sita usiku. Endelea hadi saa kumi na mbili asubuhi, mishale ikiwa mbali na eneo la hatari. Kisha rudisha kitufe hatua moja, kwenye nafasi ya katikati, ndiyo inayobadilisha tarehe peke yake. Usiitumie kamwe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku: meno yanakuwa yameshikana, na mengine ni ya plastiki, yanakatika.

Sasa pitisha namba zote 31. Shika saa uso kwa uso, funga jicho moja, tumia kioo cha kukuzia. Saa yako ikiwa na kilenzi juu ya kidirisha, itazame pia kwa ubavu, kwa sababu kilenzi kilichogandishwa upande hufanya namba iliyo sawa ionekane imepinda. Kwa kila tarehe andika: juu, kati au chini. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maneno ya fundi yeyote.

Zote zikiegemea upande mmoja kwa kiasi kilekile, chunguza uso wa saa. Umeshikwa na vijiguu vyembamba, kwa kawaida viwili, vinavyoingia kwenye mashine. Kimoja kikipinda au kukatika, uso huzunguka. Ikiwa kidirisha chako kiko upande wa 3, uso ukizunguka kulia kidirisha hushuka na namba huonekana imepanda. Linganisha alama ya 12 na katikati ya masikio yanayoshika mkanda: ikiwa imehamia kulia, umepata sababu. Kijiguu kisinyooshwe kwa koleo kwa nguvu, maana kinaweza kung'oka kabisa.

Zikiwa chache tu zimepanda, huku nyingine ziko sawa, mara nyingi ni uchapaji wa duara la tarehe, lile lililochapwa namba zote 31. Achana nazo.

Namba ileile ikikaa juu leo na chini ukiirudia, mshukiwa ni kispringi kinachoingia kati ya meno ya duara kulizuia. Gonga saa taratibu kwa kidole. Namba ikitikisika, kispringi kimelegea au kimejaa uchafu na mafuta yaliyokauka. Hapo fundi anahitajika. Mwambie asafishe kispringi na meno, kisha arudishe mishale yote ikiwa kwenye 12 hasa pale tarehe inaporuka. Kabla hujalipa, pitisheni namba 31 pamoja mezani kwake.

Lakini kama namba inasomeka yote, haikatwi ukingoni na jirani yake haionekani, tunashauri usifungue. Kila kufungua ni nafasi ya vumbi kuingia, na mpira wa kuzuia maji usiporudi vizuri, mvua moja ya masika itaingia ndani.

SWALI: Tarehe ya saa yangu hubadilika saa sita mchana. Imeharibika?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Hapana. Mishale imetangulia au imechelewa kwa muda wa saa 12 kamili, na uso wa saa hautofautishi usiku na mchana. Zungusha mishale mbele mpaka tarehe iruke, jua hapo ni usiku wa manane, endelea hadi saa ya sasa. Ikiwa imeshapita saa sita mchana, pita 12 mara nyingine kabla ya kusimama. Kisha weka tarehe sahihi. Ikibadilika saa sita na nusu usiku au saa saba, mishale imewekwa upande kidogo tu. Na kumbuka kuisogeza kwa mkono tarehe 1 Machi, Mei, Julai, Oktoba na Desemba, kwani duara lina namba 31 kila mwezi.