Jeki ya trela inayozama mchangani

Ndugu, kama jeki inayoinua shingo ya trela (sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari) inazama kila ukishusha boti pale ufukwe wa Igombe, usikimbilie kununua yenye nguvu zaidi. Tatizo ni hako kagurudumu kembamba ka chuma. Funga gurudumu pana la mpira, au tanguliza kipande cha mbao nene chini yake.

Bado unataka jeki mpya? Pima uzito unaolala kwenye shingo ya trela, injini na mafuta vikiwemo. Mizani ya magunia inatosha. Mara nyingi ni kama asilimia 10 ya uzito wote wa trela na boti yake. Chukua jeki inayozidi hapo kwa mbali, tena ya kufunga kwa bolti: ukichomelea chuma chenye zinki, moshi wake ni sumu na kutu huanzia hapohapo. Shingo ikiwa na ufa, mwite fundi kwanza.

Kabla ya kuzungusha mpini, zuia matairi kwa mawe. Mwanza hayo hatununui.