Usiwashe taa

Mwanangu mpenzi,

Wa aleikum salaam. Picha ulizopiga New London, huko Texas, nimezipata. Nimelikuza kwenye simu lile jiwe la itale la ukumbusho wa watoto waliokufa shule yao ilipolipuka kwa gesi mpaka macho yakaniuma, nikawa napitisha kidole kwenye majina yao. Nawe umeniuliza: ungekuwa wewe mmoja wa watoto wale, je, ningemsamehe mkuu wa shule?

Usiku ule sikulala, nilikaa nikisoma. Ilikuwa tarehe 18 Machi 1937, imebaki kidogo kengele ya kwenda nyumbani ilie, shule ikalipuka. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao watoto. Na shule yenyewe haikuwa ya kimaskini, ilikuwa katikati ya visima vya mafuta. Ila wakuu wake waliona bili ya gesi kubwa, wakaunga bomba kwenye gesi ya mabaki ya visima, ya bure. Ikavuja, ikajaa chini ya sakafu, na haikuwa na harufu hata chembe. Watoto walikuwa wakilalamika vichwa vinawauma. Mwalimu wa ufundi akawasha mashine ya msasa, ikatoka cheche, gesi ikalipuka. Wazazi wakaja mbio kutoka visimani, wakafukua kwa mikono.

Basi mimi nikamkumbuka nyanyako.

Ulikuwa darasa la pili, tuko bado Kibokoni, Mombasa. Babako alileta mtungi wa kilo 13 uliojazwa vichochoroni, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Siku mbili mavyaa wangu akiniambia, "Mwanangu, kuna kitu chanuka." Nikamwambia ni chewa wa jana. Akarudia, nikamwambia ni mtaro. Mara ya tatu nikamwambia pua nayo huzeeka. Neno hilo nililitamka mimi, kwa mdomo huu.

Alfajiri nikaamka kuchoma mahamri ya biashara. Mkono uko juu ya swichi, nikasikia kutoka kwenye mkeka: "Wewe! Usiwashe taa!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile, si kabla wala baada. Tukafungua milango, babako akautoa mtungi uani. Kulipopambazuka akaupaka povu la sabuni, nalo likawa linafura pale shingoni, linapasuka, linafura tena. Mpira wa ndani ulikuwa umechanika. Nawe ulikuwa umelala chumba cha pili, mdomo wazi.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini. Nyanyako alikuwa akilala chini. Pua yake haikuzeeka, ilikuwa pahali pake. Na sasa nimesoma kwamba harufu ile hutiwa makusudi, na kwamba Texas iliweka sheria ya kuitia baada ya watoto wale kufa. Nimelia, mwanangu, kwa watu nisiowajua.

Mwenye kulalamika asikizwe kwanza, umeshanisikia nikisema mara ngapi? Mkuu wa shule naye alimzika mwanawe siku zile. Gesi yake haikunuka, yangu ilinuka siku mbili nzima. Tena wengi kule walikuwa wakiunga mabomba vivyo hivyo. Lakini shule si nyumba ya mtu mmoja! Na vichwa vya watoto viliuma, wakasema. Mwenye kulalamika asikizwe kwanza. Lakini mimi je, nilimsikiza nani? Nyanyako amekufa sijamwomba radhi kwa lile neno la pua. Kila nikitaka, nilimwona ameshasahau, nikanyamaza.

Kwa hiyo hukumu ya yule mzee siitoi, ingawa imenijaa mdomoni tangu juzi. Usinibane tena kwa hilo.

Nyumba uliyopanga huko, jiko lake ni la gesi? Nijibu hilo kwanza.

Mamako